Fundi Yule wa Kwenye Kitabu

3 Machi

Kwako mwanangu,

Ndiyo kupotea gani huku? Au huko kazini wamekukataza kuwa na mama? Haya, hujambo? Sisi wazima, ila goti langu linanisumbua. Anayeandika ni mwanao Chiriku, mimi nasema tu. Nimemwonya asipunguze neno.

Kitabu ulichomtumia kimeniharibia mtoto. Juzi bati la jikoni lilivuja. Nikaegemeza ngazi kama siku zote, mimi nishike, yeye apande. Akagoma! “Bibi, paa ni kazi ya wanaume.” Nani kasema? Akaniletea kitabu. Kusoma sijui, lakini macho ninayo. Lidume lenye masharubu liko juu na nyundo. Mwanamke yuko chini na ufagio. Pembeni katoto ka kike kanapiga makofi. Makofi! Chiriku huyu, aliyekuwa akinitoroka na kupanda juu ya bati kabla hata hajajua kuvaa viatu!

Tafuta kingine.

Mama yako mzazi

21 Machi

Shikamoo Mama,

Pole na goti, likande kwa maji ya moto. Mimi mzima, ila mashuka ya hoteli hayaishi kufuliwa.

Mama, kile ni kitabu cha watoto tu. Nilikipendea rangi. Lakini neno lako lilinikosesha raha, nikarudi dukani. Nilifunua vitabu mpaka muuzaji akaniuliza kama nimepotea. Wavulana wanaendesha magari, wasichana wanapunga mkono. Sikununua. Hicho kitupeni. Mwambie Chiriku apande.

Mwanao

9 Aprili

Kwako mwanangu,

Marahaba. Goti limepoa, tunamshukuru Mungu.

Kumwambia nilimwambia. Hakupanda. Na kitabu sikutupa, sijazoea kutupa kitu kizima. Jana nilijilaza, nikafumba macho, nikamwambia anisomee. “Fundi akapanda paa. Akapiga msumari. Upepo ukavuma, fundi hakuogopa.” Basi mwanangu, nikamwona yule fundi. Mwanamke! Kajifunga kilemba, misumari kaibana mdomoni.

Nikamuuliza Chiriku, mbona hilo neno mwanamume umeliruka?

“Halipo, Bibi.”

Nikamwambia, tafuta vizuri.

Akapitisha kidole mstari kwa mstari, ukurasa kwa ukurasa. Halipo! Umri wote huu najua maandishi ndiyo yanayosema nani akae wapi. Kumbe maneno hayakumkataza mtu. Masharubu kayaleta mchoraji!

Chiriku akaifunika picha kwa kiganja, akasoma upya, taratibu, sauti si ile. Mwisho akasema, “Bibi, huyu anaweza kuwa mimi.”

Asubuhi ngazi kaiegemeza mwenyewe. Nilimshikia, nikamtazama kule juu, mdogo hivyo, mbingu yote nyuma yake.

Sasa ukija, usinunue kitu njiani. Tutakwenda dukani sote watatu. Yeye atasoma, mimi nitatazama picha, na wewe utanyamaza.

Mama yako mzazi