Insha ya Mto

Hjulsta, 14 Aprili 2024

Baba mpendwa,

Salamu kutoka huku ambako ni Aprili na theluji bado imelala uwanjani. Sisi ni wazima. Goti lako linasemaje? Natalie ameniambia umeanza tena kulima lile shamba la juu, nikamkasirikia dada yangu bure kwa kosa lako.

Nina haraka ya jambo. Katika darasa langu la tisa kuna msichana anaitwa Victoire. Alikuja kutoka Bukavu miaka miwili iliyopita na mama yake, Pélagie, anayefanya usafi uwanja wa ndege. Kiswidi amekishika vizuri ajabu, ila Kiingereza kinamkataa. Hapa mtoto asipopita Kiingereza haendi shule ya juu na wenzake, anabaki kwenye madarasa ya maandalizi. Huyu ana miaka kumi na sita na anataka kuwa muuguzi. Mtihani wa taifa wa kuandika ni mwezi ujao, na nikimpa karatasi tupu anaitazama tu saa nzima.

Nimekumbuka ile insha yako ya Kiingereza ya mto. Sote darasani kwako tuliikariri kidato cha pili, lakini sasa katikati imenitoka. Naomba uniandikie yote.

Binti yako,
Roselyn


Budalang'i, 21 Aprili

Binti yangu,

Goti ni langu na shamba ni langu, kwa hiyo sote watatu hatujambo. Naandika kwa mkono, Natalie atapiga picha akutumie.

Insha iko nyuma ya karatasi hii. Bibi, wajukuu wawili, mto umefurika, mdogo anateleza, bibi anarusha leso, mtoto anatolewa akiwa hai. Waambie wanafunzi wainakili mara tatu, kisha waiseme kwa sauti macho yamefungwa. Miaka thelathini na moja sijaona mtoto aliyeijua akakosa pa kuanzia. Mtihani ukiuliza safari, mto uwe njiani. Ukiuliza mtu unayemheshimu, bibi yupo. Na usiwabembeleze. Wewe mwenyewe ulilia wiki nzima, mwishowe ukaijua.

Baba yako


Hjulsta, 17 Mei

Baba,

Natumaini mvua imewahurumia huko. Mimi si mgonjwa, ila chakula nakionja tu na kiti hakikaliki.

Mtihani uliuliza kuhusu siku uliyoogopa. Victoire aliandika kurasa mbili bila kuinua kichwa, nami nikafurahi kama mjinga. Kumbe wenzake wawili niliowafundisha naye baada ya masomo, Dieumerci na Arielle, waliandika vilevile. Mwalimu mwenzangu aliyesahihisha akakuta watoto watatu wa Hjulsta wenye bibi mmoja, mto mmoja na leso moja. Nilicheka kidogo. Halafu mwalimu mkuu akaita wazazi.

Hapa hilo ni udanganyifu. Karatasi zote tatu zimefutwa. Mama Pélagie alikuja moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege na sare ya kazi, jasho bado halijakauka. Watoto waliulizwa insha wameitoa wapi, wakanyamaza wote watatu. Baba, nilikuwa nimeketi palepale. Victoire alinitazama mara moja, akaangalia meza. Na mimi sikusema kitu.

Mkataba wangu unaisha Juni na bado hawajaamua kama watauendeleza. Naomba uniandikie barua useme kwamba kwetu mtoto hujifunza kuandika hivi, na kwamba insha ni yako. Nitaitafsiri mwenyewe.

Binti yako,
Roselyn


Budalang'i, 19 Mei

Roselyn,

Hatujambo. Barua hiyo sitaandika. Nyamaza mpaka mkataba utiwe sahihi. Watoto wana miaka ya kurudia, wewe una nyumba ya kutunza. Na insha hiyo usimwonyeshe mtu mwingine tena. Jina langu liache huku.

Baba yako


Skärholmen, 29 Mei

Baba,

Salamu, safari hii kutoka nyumbani kwangu si shuleni, kama bado unazipokea. Siku kumi hushiki simu, na Natalie anasema unazunguka tu uani. Mimi nami nazunguka. Wiki hii nimepitiliza kituo cha kubadilishia treni mara mbili, nikachelewa darasani kama mwanafunzi mtoro.

Sikukusikiliza. Jumatatu niliingia ofisini kwa mwalimu mkuu nikamwambia insha niliwapa mimi, na niliyewakaririsha ni mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Watoto watapewa mtihani mwingine tarehe nne. Mimi mkataba hautaendelea. Kisha nikaenda kwa Mama Pélagie kumwomba msamaha. Alinitukana kwa Kifaransa, halafu akanimiminia chai.

Shida ni Victoire. Sasa hataki kuandika hata mstari mmoja, anasema hadithi yenyewe hana. Jana nilimwambia tuache mtihani, aniulize lolote analotaka. Akafikiri, akaniuliza, "Mwalimu, ule mtoto alitokaka kweli?"

Insha nimekuwa nayo tangu kidato cha pili na sijawahi kuuliza. Baba, alitoka?

Binti yako,
Roselyn


Budalang'i, 1 Juni

Binti yangu,

Goti linauma, leo nakubali.

Hakutoka. Aliitwa Nafula, mdogo wangu, alikuwa na miaka mitano. Leso haikuwepo. Bibi alikuwa nyumbani na homa, akatutuma maji sisi wawili, akaniambia nimshike mkono. Nilimshika. Maji yalipofika magotini nikauachilia ili nishike mtungi kwa mikono miwili. Mtungi, Roselyn. Nilirudi nao nyumbani umejaa. Hakuna aliyenigombeza, na jina lake halikutajwa tena kwetu.

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha sikuwa na insha ya mfano ya kuwapa watoto. Nikaandika hiyo, na nilipofika pale kwenye mkono, kalamu ikamtoa. Baada ya hapo kila mwaka watoto arobaini walimtoa dada yangu majini, macho yamefungwa, nami nimesimama mbele na chaki. Ndiyo maana nilikuwa mkali. Aliyesahau katikati nilimwona kama amemwachilia. Unisamehe ile wiki uliyolia.

Mwambie msichana huyo ukweli. Kisha mpe karatasi.

Baba yako


Skärholmen, 13 Juni

Baba yangu,

Leo goti siliulizi. Natalie amenitumia picha yako umeketi na mguu juu ya kiti, nikashukuru.

Nilimsomea Victoire barua yako yote kama ulivyoiandika. Kesho yake, kwenye mtihani, aliandika ukurasa mmoja kuhusu bibi yake waliyemwacha Bukavu. Humo bibi hafanyi lolote. Amesimama mlangoni na mwiko mkononi, na Victoire hageuki kumpungia. Makosa yamejaa kila mstari, nami nilipousoma ilibidi nitoke nje nisimame kidogo. Amepata E. Usishtuke, najua kwetu E ni aibu, hapa ni kupita. Agosti anaenda shule ya juu, na wenzake wawili pia. Mimi sijui Agosti nitakuwa wapi. Nimeomba kazi shule tatu, na kila dakika natazama simu.

Siku ya kufunga shule Victoire alinisubiri kwenye ngazi za kituo. Aliniambia insha ya mto bado anayo yote kichwani, hata ile sehemu ya katikati, na huwa anaisema moyoni akiwa kwenye treni. Nikamuuliza sasa anaimalizaje, kwa kuwa ukweli ameshaujua. Alinishangaa.

"Ninamutoa," akasema.

Binti yako,
Roselyn