Ukurasa Mweupe wa Blogu ya Atieno

Nyamera Atieno, dada yangu,

"Blogu ya marehemu ilikufa naye. Hamisha maneno yako kwa status ya simu, mzee, dunia imesonga." Hayo aliyasema binamu yetu Odhiambo hapa kwangu Migori, mbele ya wageni, akitafuna kuku wangu. Ni uongo. Status hutoweka kesho yake. Makala yako yote bado yamo ndani ya hifadhidata ya MySQL, nimeyaona kwa macho yangu. Kilichovunjika ni mlango.

Kampuni inayotuhifadhia tovuti ilipandisha toleo la PHP, lugha ya programu inayoiendesha blogu. Amri za zamani ulizotumia kuitisha makala kutoka kwenye hifadhidata zimeondolewa kabisa. Anayefungua blogu sasa anakuta ukurasa mweupe, kama karatasi ya mtihani ya mtu aliyekata tamaa.

Unakumbuka tulivyoijenga Homa Bay, likizo ile, kwenye nyumba yako ya mwalimu? Uliunda jedwali la makala, la waandishi, kisha la maoni. Mimi nikadai kitufe cha kufuta wanaonipinga. Ulicheka mpaka ukavua miwani.

"Omera, kaka yangu, ukitaka kusifiwa tu, subiri mazishi yako."

"Na mtu akiniita mjinga?"

"Mjibu. Si una mdomo?"

Kitufe hukukiweka. Nilinuna hadi chakula cha jioni.

Kisha ukaandika kuhusu akina mama wa machimbo ya Macalder wanaosafisha dhahabu kwa zebaki, mikono mitupu. Mwenye mashine moja ya kusaga mawe akaandika chini yake kwamba unawaharibia watu riziki. Mimi ningemfuta. Mama mmoja akamjibu, "Njoo ushike mikono yangu kwanza." Akafuata mwingine, na mwingine, wakieleza kwa majina yao jinsi vidole vinavyotetemeka wakishika kikombe. Ushahidi huo hauko mahali pengine popote. Uko kwenye jedwali lile la maoni.

Juzi yule mama wa kwanza alinipigia simu. "Mwalimu alituambia maneno yetu yatakaa. Yako wapi?"

Niliwasha kompyuta.

Nimejaribu, nyamera. Kwenye kompyuta yangu makala sasa yanafunguka, maoni yanagoma. Nikirekebisha faili moja, nyingine inalia. Nawe pia nina ugomvi. Ulijua amri zile zinazeeka. Nilipokuuliza ulisema, "Tutazibadilisha likizo ijayo." Likizo ikafika ukiwa hospitalini, na nani angekutajia PHP pale kitandani?

Vijana wa hapa mjini wananishauri niweke mfumo ulio tayari, nianze upya. Kuanza upya ni kumwambia yule mama kwamba hakusema kitu.

Kwa hiyo nawageukia nyinyi mnaoisoma barua hii, wasichana aliowafundisha Atieno, ambao leo mnaandika programu Nairobi na Kisumu. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu yake, mnamjazia mwalimu wenu mtandaoni picha za mishumaa na maneno "alitufungulia njia". Mishumaa imetosha. Njooni Migori Jumamosi hii na kompyuta zenu, tubadilishe amri zile faili kwa faili, mpaka maoni yasomeke kwenye simu kule Macalder. Asiye na nafasi aniambie, nimpe namba ya yule mama, amweleze mwenyewe.

Kaka yako,
bado mbishi