Mbwa Asiyebweka Nyumbani kwa Mama

Jumamosi, Luzira. Jua kali, upepo kidogo kutoka ziwani, na mimi nina furaha ya mtoto aliyevalishwa nguo mpya ya Idi.

Shaba amefika.

Ni mbwa wa aina ya Basenji, jike la miaka minne. Rangi yake ni ya shaba kweli, mkia umejikunja juu ya mgongo, na paji la uso limejaa mikunjo, utadhani ana mabinti wa kuoza. Mwenye mbwa, mwalimu wa chuo cha Kyambogo, amehamia ng'ambo akaniachia.

Nakiri hapa, kwa kuwa Mama hasomi blogu: sikumwomba ruhusa. Nilimpa habari tu, mbwa akiwa tayari ndani ya gari.

Sisi ni Wanubi, watu wa swala tano, na Mama anafundisha wasichana Kurani barazani. Kwetu mate ya mbwa ni najisi. Yakigusa chombo au mwili, unaosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa hiyo Mama alisimama mlangoni, akampima Shaba kwa macho, akatoa hukumu: akilamba chochote cha nyumba hii, anarudi alikotoka.

Arudi wapi? Mwenyewe keshapanda ndege.

Mchana kutwa nimekuwa askari wa ulimi. Nimeficha sufuria, nimeficha kandambili, nimeficha hata ufagio. Shaba hakujali. Alizunguka ua akinusa, bila kubweka, maana Basenji hawabweki. Jirani yetu mwendesha boda aliniuliza mbwa asiye na sauti ni wa kazi gani. Nilicheka tu.

Kisha Shaba akaketi juani akaanza kujisafisha miguu, kidole kwa kidole, kama paka. Nilimwona Mama dirishani. Alitazama muda mrefu mno kwa mtu aliyechukia.

Alasiri nilitoka kununua sabuni. Niliporudi nikamkuta Mama bombani, mkono umejaa udongo, anasugua na kuhesabu kwa sauti. Nikaanza kumwombea mbwa msamaha, maneno yananitoka ovyo ovyo.

"Wacha," Mama akasema bila kugeuka. "Mimi mwenyewe nilimupa mukono alambe. Alikuwa anaangalia matoke yangu."

Mama yangu! Udongo hadi kiwikoni, na anazuia kicheko.

Alipomaliza mara ya saba akajifuta, akanitazama kwa ukali wake wa siku zote. "Sasa mvua ikikuja, hii mbwa italala wapi?"

Hapo Shaba akatoa sauti kwa mara ya kwanza, kitu kati ya wimbo na malalamiko. Mama akamjibu, "Nimesikia." Nami nimelia kidogo, sifichi, kwa raha tupu.

Kesho asubuhi natafuta seremala. Mama ameshaamua mlango wa kibanda uelekee baraza, ili akifundisha awe anamwona.