Beberu na Viroba vya Kibarazani

Jumapili, 3 Agosti
Nimemwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo. Upepo wa leo unakausha mpaka ulimi. Kibaraza changu hakitoshi hata kutandika mkeka, basi shamba limepanda juu. Viroba vya udongo vimesimama ukutani, nimevitoboa ubavuni, mchicha unachomoza kwenye matundu. Juu yake bomba la plastiki lenye vitunguu. Mlenda kwenye chupa za kuning'iniza. Nimechanganya mashudu ya alizeti, makapi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa, kwenye udongo, mengi tu, mboga zinenepe.

Mama Zuhura wa chumba cha pili kapata mjukuu wa kike. Akika, karamu ya kumchinjia mtoto mbuzi, ni Jumamosi. Beberu kaletwa, kafungwa uani. Nimempa hongera kwa moyo mweupe.

Jumatatu, 4 Agosti
Beberu kakata kamba. Kiroba cha mwisho kakichana. Nimemwambia Mama Zuhura amfunge vizuri. Akacheka. "Mbuzi ni mbuzi tu, Mama Anna." Sikucheka. Damu imenichemka mchana kutwa.

Jumanne, 5 Agosti
Nimemkuta beberu kasimama kwa miguu ya nyuma, kichwa chote ndani ya kiroba. Bomba chini. Vitunguu vimekanyagwa. Nikachukua mpini wa jembe. Nikampiga mgongoni. Akageuka, nikampiga mguuni kwa nguvu zangu zote. Mfupa ukalia kama kuni kavu. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mama Zuhura akatoka jikoni na kisu cha nyama. "Umemvunja! Mbuzi wa akika hatakiwi kilema! Mfupa wake hauvunjwi hata akishachinjwa, wewe umemvunja akiwa hai!"

Alianza na viroba. Alivipasua matumbo, kimoja baada ya kingine, udongo ukamwagika. Nikarukia mkono wake, nikakosa, nikadaka makali. Kiganja kikafunguka. Nikaokota bomba kwa mkono wa kushoto, nikampiga nalo usoni mpaka likapasuka. Wapangaji wakatutenganisha. Damu yangu na yake kwenye mchicha mmoja.

Jumatano, 6 Agosti
Nimeshonwa mkono wa kulia. Muuguzi aliuliza, nikasema nimekatwa na bati. Mama Zuhura jicho limevimba, limefumba kabisa.

Akika imekwama. Nasikia hana mbuzi mwingine wala pa kumpata. Vizuri. Namchukia. Natamani ningempiga zaidi. Mpini nimeuweka kando ya kitanda.

Alhamisi, 7 Agosti
Nilikuwa nazoa udongo kwa mkono mmoja. Beberu akajikokota kwa miguu mitatu mpaka pale. Mchicha ulikuwa mbele ya pua yake, hakuugusa. Akalamba udongo.

Nikaokota bonge, nikanusa. Mashudu.

Nimekulia kijijini, Kinyangiri. Nimechunga mbuzi, nimewalisha mashudu kwa viganja hivi hivi. Nani asiyejua kwamba mbuzi atavunja mlango kwa ajili ya mashudu? Nimemtilia chakula ukutani, kisha nikamvunja mguu kwa kuja kula. Mpumbavu mimi. Nimeuacha udongo pale pale. Kisha nimepanda basi kwenda kwa kaka, Kinyangiri.

Ijumaa, 8 Agosti
Kaka aliona bandeji, akataka jina la aliyenikata. Alishashika fimbo. Nikamwambia nilianza mimi. Akaiweka chini.

Kwenye zizi lake nina beberu wangu mmoja, mweupe, niliyeachiwa na baba. Tumemkagua pembe, masikio, macho, kila mguu. Mzima. Nimerudi naye kwenye buti la basi, analia njia nzima.

Nimemfunga mlangoni kwa Mama Zuhura. Nimemweleza habari ya mashudu, yote. Akanitazama kwa lile jicho moja. Akafunga mlango.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimesikia dua kupitia ukutani. Mtoto kanyolewa. Sikutoka.

Mchana mlango umegongwa. Mama Zuhura, na sahani ya wali na paja zima la nyama. Hakunisalimia. Nikajaribu kunyofoa kwa mkono wa kushoto, nyama ikaangukia mkekani. Akaingia ndani.

Kisha akakaa kitandani kwangu, akachomoa kisu kile kile. Akapitisha makali taratibu kwenye kiungo, bila kugusa mfupa. Akanikatia vipande vidogo vidogo, akanisogezea sahani.

Nimekula.