Kupanua Diski ya Darsa

Alhamisi, baada ya Isha

Na mimi roho mkononi mchana kutwa, maana darsa zote alizorekodi marehemu baba kwa sauti yake zimo ndani ya kompyuta ile kongwe ya madrasa, na sehemu ya diski zinamokaa imejaa.

Nimeupenda utulivu wa fundi, Bi Salma. Alinakili kwanza darsa zote pembeni, likitokea la kutokea.

"Si uipanue hivyo hivyo, huku inatumika?" nikamuuliza.

"Mfumo wake wa zamani, Maalim, haukubali. Kwani msikiti wenu mliupanua watu wamo kwenye sala?"

Nikacheka. Akaifunga sehemu ile ya diski isitumike, akaiongeza ukubwa kwa nafasi iliyokuwa tupu pembeni yake, akaifungua tena. Mungu amzidishie.

Nikajaribu darsa moja. Baba akakohoa kwanza, kama ada yake, ndipo akasema Bismillahi.