Mkono Usiosikia Moto

Rhamu, 10 Mei 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba kifurushi hiki kikukute mzima. Mimi sijambo, watoto wa darasa langu nao hawajambo, ila mnara wa simu bado umekufa, ndiyo maana naandika.

Tangu nirudi kazini usingizi umenipaa. Nauona tu ule mkono wako. Uliuingiza tanurini kama ulivyozoea, ukingoja moto ukuume ujue umefikia wapi. Haukukuuma. Ni mimi niliyesikia harufu ya ngozi inayoungua. Wewe ulicheka, Baba. Mimi sikuweza.

Daktari alikwambia sukari huua hisia za vidole na nyayo. Basi nimekununulia kipimajoto cha tanuri. Toboa tundu mlangoni, ingiza kile kijiti chake cha chuma, uso ubaki nje uusome. Mshale ukifika mia mbili na ishirini, tia mikate. Ukishuka, ongeza kuni. Mkono ukae mfukoni.

Abdow wa basi atakuletea. Nisalimie jirani yetu Saynab na hoteli yake.

Binti yako,
Mutanu

Garissa, 1 Juni 2025

Mwanangu Mutanu,

Marahaba. Kifurushi kimefika, na Abdow nimempa chai. Mimi ni mzima wa kuridhisha. Mkono umepona.

Mama yako angekuwa hai angecheka mpaka aketi chini. Mimi Musembi, niliyepikia kambi nzima ya polisi mikate, leo nipimiwe moto na kitu kama saa! Mwanangu, kuni za mti wa mathenge nimezichoma tangu hujazaliwa. Nikiona kaa tu najua.

Usinune. Nimekitundika ukutani juu ya kitanda na kimependeza. Mchana kinaonyesha karibu arobaini, joto la chumba chetu. Hilo nalo nilikuwa nalijua.

Baba yako

Rhamu, 15 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Sijakutumia pambo. Nina mzazi mmoja tu duniani, na mzazi huyo anatia mkono motoni ili aonekane fundi. Kifunge mlangoni. Kama hukifungi kwa ajili yako, kifunge kwa ajili yangu.

Mwanao,
Mutanu

Garissa, 9 Julai 2025

Mwanangu,

Marahaba, na pole kwa kukukasirisha. Huku tu wazima, upepo wa Julai umeanza kutumwagia vumbi.

Nimekifunga. Siku hiyo niliwasha moto, nikangoja mpaka roho ikaniambia tayari. Mshale ukasema mia moja na arobaini. Nikasema, chombo kibovu hiki. Nikaongeza kuni kwa hasira, nataka kiaibike. Kilipofika pale uliposema, nikatia mikate.

Mutanu, ilipotoka niliigonga kitakoni kwa kifundo cha kidole, ikalia kama ngoma, mlio wa mkate ulioiva mpaka ndani. Nikatafuta kigoda nikakaa. Sikukumbuka mara ya mwisho mkate wangu kulia namna ile. Unajua mimi mwenyewe siuonji siku hizi kwa sababu ya sukari, na macho nayo yamepungua.

Saynab akaja kuchukua mikate ya hoteli. Akamega mmoja, akatafuna, akamega tena.

Nikamwuliza, "Ya siku zote ilikuwaje?"

"Mzee, achana na hayo."

"Saynab."

"Wallahi Mzee, ilikuwa bichi ndani. Tangu kabla ya Ramadhani."

"Na wateja wako?"

"Niliwakaangia mahamri. Mikate yako nilikuwa nawapa mbuzi."

"Mbona hukuniambia?"

Akavuta shali yake akajifuta uso. "Mama Mutanu alipokufa ulijifungia ndani, hata chai yangu ulikataa. Kitu kilikutoa nje ni hii tanuri. Sasa mimi nikuambie nini?"

Alipoondoka nililia, mwanangu. Sijui kama ni kwa aibu au kwa shukrani. Lakini tangu hapo mikate inaiva, na watu wa mtaa wa pili wameanza kuiulizia. Asante.

Baba yako

Rhamu, 2 Agosti 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako nimewasomea walimu wenzangu hapa, na Mwalimu Mureithi akatoka nje akijidai anakohoa. Mwambie Saynab kwamba sina la kumlipa.

Likizo hii sitakuja. Nimebakishwa shuleni niwafundishe watahiniwa. Nitakuja mwezi wa kumi, shule zikifungwa, na mkate wa kwanza utakaotoka siku hiyo ni wangu. Kwa sasa niambie ukweli: unameza dawa? Unavaa viatu vilivyofungwa, au bado ni kandambili?

Binti yako,
Mutanu

Garissa, 24 Agosti 2025

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Usishtuke kwa mwandiko, naandikia kitandani hospitalini.

Mwiba wa mathenge uliingia kisiginoni nilipokuwa nakata kuni. Siku gani, sijui. Sikuusikia. Saynab ndiye aliyeona nyayo zangu zikiacha usaha sakafuni, akapiga kelele, akanileta hapa na gari la shemeji yake.

Daktari anasema mguu ukatwe chini ya goti, tena upesi. Nimewaambia wangoje. Si kwamba naogopa kisu. Nimebaki na wewe tu, na mtu hakatwi mguu bila kuwauliza wa kwao. Nikirudi na magongo nitakuwa mzigo wako, na wewe bado hujaolewa. Niambie mwenyewe: wakate, wasikate? Utakalosema nitalifuata.

Simu ya huko bado haiingii, kwa hiyo Abdow anaondoka na barua hii kesho. Nitajibiwa wiki hii, naamini.

Baba yako

Rhamu, 11 Septemba 2025

Baba,

Kubali! Barua yako imefika leo. Magari yalizuiliwa njiani kwa ajili ya usalama, na Abdow alikwama Elwak wiki mbili nzima. Usingoje hata dakika, waambie wakate. Nampa barua hii mtu wa lori la mizigo linaloondoka sasa hivi, lisilochukua abiria, na mimi napanda gari la kwanza litakaloruhusiwa.

Mutanu wako

Garissa, 20 Septemba 2025

Baba,

Sijui kuanza barua bila shikamoo, kwa hiyo shikamoo.

Nilifika Jumapili. Ulikuwa umeondoka Ijumaa. Lori lenye barua yangu lilifika baada yangu.

Saynab amenieleza yote. Kila asubuhi ulimwuliza muuguzi kama basi la Rhamu limeingia. Mwishowe Saynab aligombana nawe mbele ya wodi nzima. Alikwambia, "Mutanu hayuko, basi mimi ndiyo binti yako leo, na mimi nasema kata!" Ukatia sahihi. Lakini sumu ilikuwa imeshapanda, na baada ya kukatwa hukuamka.

Tumekuzika kando ya Mama. Mchungaji aliomba, na majirani Waislamu walisimama nyuma ya ua mpaka mwisho, kisha wakachukua majembe wakasaidia kufukia. Saynab hajanisamehe kwa kukaa mbali, nadhani, ingawa ananiletea chakula. Mimi pia sijajisamehe.

Barua hii sina wa kumpa aipeleke. Naiandika kwa sababu swali uliniuliza mimi, na mpaka leo sijakujibu uso kwa uso.

Ndiyo, Baba. Wakate. Nilikuwa nakutaka wewe, si mguu.

Binti yako,
Mutanu