Udongo wa Nyuma ya Jikoni

Panda, Likasi, 4 Juni 2023

Mama mupenzi,

Jambo sana. Mugongo wa mama mukubwa Fidélie unaendeleaje? Baridi ya Mulungwishi mwezi huu inapiga kweli, funga kitambaa masikioni. Sisi huku tuko wazima. Dada yangu Carine anawaza siku ya mahari yake tu, hata chumvi anasahau kutia. Telefone yako isipotengenezwa nitaendelea kuandika, Blaise anapita huko na lori lake.

Mama, ukirudi hautatambua parseli, kiwanja chetu hiki. Ule mwinuko wa nyuma ya jikoni, pale viti vilikuwa vinaangukia kila sikukuu, nimeuondoa. Udongo wote Blaise amepeleka kwa Barthélemy, yule fundi wa umeme anayejenga karibu na muto. Alikuwa anatafuta wa kujazia musingi. Sasa nyuma ya jikoni ni sawa kama meza, wakwe wa Carine watakaa bila kuinama upande.

Ruhusa ya komini, wale wa manispaa, ya kutoa udongo? Sikuomba. Unawajua. Muntu wao anakuja, anataka mwenye parseli amutembeze kona zote, halafu anamuuliza kuna nini chini, bomba, waya, sijui nini. Mwenye parseli ni weye, na weye uko mbali. Udongo ni udongo tu. Nilitaka ukute kazi imeisha, ushangae.

Mutoto wako,
Philippe Kabange

Mulungwishi, 8 Juni

Philippe,

Sisi wazima, mama mukubwa anatembea kidogo. Nijibu kitu kimoja. Ulichimba mpaka wapi? Muchaichai ungali pale? Umupe Blaise jibu leo hii.

Mama yako

Panda, 9 Juni

Mama,

Asante Mungu kwa mama mukubwa. Muchaichai tuliung'oa, ulikuwa katikati ya kazi. Mbona unaniuliza hivyo? Nitakupandia mwingine karibu na bomba.

Philippe wako

Mulungwishi, 12 Juni

Mutoto wangu,

Pokea salamu, na ukae chini ukisoma.

Jina lako Kabange ni la mutoto wa pili wa mapasa, wawili wa mimba moja, hilo unajua. Kyungu alikutangulia, akaishi asubuhi moja tu. Weye unafikiri tulimupeleka makaburini. Hapana. Kwetu mutoto wa mapasa akirudi alikotoka angali muchanga, hatumulilii. Wamama wanamulaza ndani ya udongo nyuma ya jikoni, karibu na mama yake, na wanaume hawaambiwi. Hata marehemu baba yako hakuonyeshwa pahali. Muchaichai nilipanda minye. Nikichuma majani ya chai asubuhi, nilikuwa ninamusalimia.

Yule muntu wa komini angeniuliza kuna nini chini, ningemwambia.

Nenda kwa Barthélemy kabla hajamwaga beto, ile zege ya juu ya musingi. Urudishe udongo wote. Safari hii omba ruhusa. Lori likikamatwa njiani, Kyungu atalala kwa polisi.

Mama yako

Panda, 24 Juni

Mama,

Sijui nikusalimie namna gani. Mama mukubwa apone.

Haya imenishika, hata Carine siwezi kumwangalia usoni. Nilienda komini. Bwana Patrice, mwenye kazi ya mambo ya udongo, akaniuliza kwa sauti ninataka kurudisha ule udongo kwa sababu gani. Nyuma yangu kulikuwa na watu, wengine tunasali nao. Mama, mudomo ulikataa. Nikasema ninajaza shimo. Akacheka, akaniuliza ni shimo gani linachagua udongo. Halafu akajua udongo mara ya kwanza ulitoka bila ruhusa. Basi akasema hata ndoo moja haitasogea mpaka kesi hiyo iishe.

Barthélemy pia sikumwambia. Nilimuomba angoje tu. Akauliza angoje nini, nikajibu mambo ya karatasi. Mafundi wake wamechoka kukaa bure. Jana nilipita pale, nikasimama barabarani kama mwizi, nikarudi.

Nisamehe, mama.

Philippe

Likasi, 28 Juni

Philippe,

Natumaini mumeamka vizuri weye na Carine. Minye niko hapa tangu jana. Usinitafute, nitakuja mwenyewe.

Nilianzia komini. Nilimwambia bwana Patrice mbele ya wote: mutoto wangu iko ndani ya ule udongo, ninataka kumurudisha nyumbani. Akaweka kalamu chini. Mama mumoja nyuma yangu akasema naye iko na wake nyuma ya jikoni, akanishika mukono. Nilitoka na ruhusa yenye muhuri. Bwana Patrice akaniambia, kijana wako angesema hivi siku ya kwanza, ningetia sahihi siku ya kwanza.

Kwa Barthélemy, beto imemwagwa Jumatatu. Aliposikia akatafuta nyundo aivunje. Nikamukatalia. Ndugu yako amehamishwa mara moja, inatosha. Muke wake Carmen amenipa mukeka na ninakuandikia nimekaa hapa juu ya ile beto. Wanasema kitakuwa chumba cha watoto.

Juu ya udongo nimekusamehe, haukujua. Lakini kule komini ulijua, na ukaona haya kusema uko na ndugu. Hiyo inaniuma, sitakudanganya, itaniuma bado.

Mahari ya Carine ifanyike. Niwekee kiti kati ya wamama wengine. Wakwe wakiuliza nilizaa watoto wangapi, utajibu weye, kwa sauti, na minye nitakuwa ninasikiliza.

Mama yako,
Gertrude